Moba: mlango wa kuandika umefunguka, lakini maandishi yetu yanalala wapi?

MOBA, Tanganyika – Kuna jambo ambalo wakaaji wengi wa jimbo letu hawalijui, hata waliosoma mpaka chuo kikuu: Mkongomani wa kwanza kuchapishwa kwa Kifaransa alitoka kwetu. Hakuwa mtu wa Kinshasa wala wa Lubumbashi. Alikuwa mwanafunzi wa seminari huko Kirungu, juu ya mlima wa Moba, na jina lake ni Stefano Kaoze. Andiko lake juu ya saikolojia ya Wabantu lilitoka Brussels, katika jarida La Revue Congolaise, mwaka wa 1910 na 1911.

Zaidi ya miaka mia moja imepita. Leo kijana wa Moba-Port mwenye simu ya bei ndogo anaweza kuandika kurasa tatu asubuhi, na kabla ya jua kuzama ndugu yake wa Kalemie, wa Lusaka na wa Montréal wamekwisha kuzisoma na kumjibu. Hakuomba ruhusa kwa padri, wala kwa mkubwa wa teritwari, wala kwa mhariri wa Ulaya.

Mlango umefunguka, hilo halina ubishi. Lakini Kaoze tunaweza kumsoma leo, neno kwa neno. Huyu kijana wa Moba-Port, nani atamsoma kisha miaka kumi? Hapo ndipo sifa nyingi tunazozipa simu zinapoanza kupungua uzito, na ndipo tunataka kukaa kidogo na msomaji.

Njia ya Kaoze

Turudi nyuma. Kituo cha Mpala, kando ya ziwa, kilianzishwa mwaka wa 1883 na Mbelgiji Émile Storms. Miaka miwili baadaye kikapita mikononi mwa Mapadri Weupe. Wao ndio walileta shule, na pamoja na shule wakaleta Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kaoze alizaliwa katika inchi ya Marungu miaka ile ile ya 1880, akasoma Mpala, kisha akapelekwa Baudouinville, jina ambalo Wabelgiji waliipa Kirungu. Tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wote wa zama hizi. Kanisa linamkumbuka kwa sababu hiyo. Historia ya uandishi inamkumbuka kwa ile karatasi iliyotangulia upadri wake kwa miaka saba.

Hebu tuwaze kazi ya kuitoa karatasi hiyo Moba. Mwaka wa 1910 reli haikuwa imefika upande wowote wa ziwa letu. Ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na ile ya kutoka Kabalo ikafika Kalemie, wakati ule Albertville, mwaka wa 1915. Kwa hiyo maandishi ya Kaoze yalisafiri kwa miguu ya watu na kwa mitumbwi kabla ya kuona meli ya bahari. Matbaa ya Mapadri Weupe wenyewe ilikuwa mbali, Maison-Carrée, karibu na mji wa Alger. Ukiwa Kirungu na wino wako, kati yako na msomaji kulikuwa na bara zima.

Lakini umbali haukuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kwanza ulipaswa kujua Kifaransa, na mtu mmoja tu ndiye aliyekifundisha: mmisionari. Pili ulipaswa kupata mzungu wa kukusemea. Kaoze alimpata Mjezuiti Arthur Vermeersch, mwanasheria aliyekuwa amekwisha kuandika kwa ukali juu ya mateso ya Kongo ya Leopold II. Yeye ndiye aliyempeleka kwa wasomaji. Tatu, na hili ndilo linatuuma hata leo, ulisomwa kama ushahidi. Wasomaji wa Brussels hawakufungua jarida lile ili kujifunza kitu kwa Mtabwa. Walilifungua ili kuona kama kweli mtu mweusi anaweza kufikiri kwa mpango. Kaoze alijua, na aliandika akijua.

Mwaka wa 2018 maandishi yake yote yalikusanywa katika kitabu kimoja, kwa kazi ya Maurice Amuri Mpala-Lutebele, profesa wa Lubumbashi, na Jean-Claude Kangomba. Kitabu kilitoka wapi? Brussels tena. Tunashukuru kwamba kipo. Lakini mwalimu wa Kirungu anayetaka kuwasomea wanafunzi wake maneno ya mtoto wa kilima chao anapaswa kuyaagiza Ubelgiji.

Maboyi na mashine ya stensili

Kati ya kalamu ya Kaoze na simu ya leo kulikuwa na mashine nyingine ambayo watu wameisahau: ile ya stensili, ambayo wengine wanaiita roneo. Ofisi nyingi na parokia nyingi zilikuwa nayo. Unapiga maneno kwa taipureta juu ya karatasi ya nta, unaifunga kwenye silinda yenye wino, unazungusha mkono, nakala zinatoka. Haikudai matbaa wala mhariri. Ilidai mtu wa kukuazima mashine.

Mwaka wa 1965, pale Elisabethville, mji ambao mwaka uliofuata ukaitwa Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa zamani maboyi, wapishi na wafuaji katika nyumba za wazungu kiliandikisha historia ya mji wao. Aliyeandika ni André Yav. Kichwa ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yote ni Kiswahili, tena kile kile cha Katanga ambacho watu walizungumza jikoni na sokoni. Hakuna aliyewasahihisha. Walieleza mji tangu siku za Leopold, wakiutazama toka mlango wa nyuma, ambako boyi anasikia mambo yote na hakuna anayemuuliza kitu.

Tofauti na Kaoze ni kubwa. Kaoze aliandika kwa lugha ya wenye mlango ili mlango ufunguliwe. Yav na wenzake walikuwa na mashine ya bei nafuu, basi wakaandika kwa lugha yao, kwa ajili ya watu wao. Ukitaka mfano wa jinsi chombo kinavyobadilisha hata maneno yenyewe, ni huu.

Sasa tazama kilichofuata. Nakala zilikuwa chache. Moja ilimfikia Johannes Fabian, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam aliyekuwa ameishi Lubumbashi na kukijua Kiswahili cha huko. Maandishi yalikuwa magumu: maneno yameunganishwa au kukatwa bila mpango, hakuna nukta pale unapoitarajia. Kuyasoma kwa macho tu hakukutosha, ilifaa yasomwe kwa sauti, na hapo ndipo Kalundi Mango alipomsaidia. Kitabu kikatoka mwaka wa 1990, na baadaye maandishi yale yakawekwa kwenye intaneti ambako hata leo yanasomeka bure. Maneno ya maboyi wa Katanga yalipona kwa sababu karatasi moja ilianguka mikononi mwa mtu aliyejua thamani yake. Nakala hiyo ingefungia samaki sokoni, leo tusingejua kwamba iliwahi kuwepo.

Simu imebadilisha nini

Wenye umri wanakumbuka foni. Kabla ya simu za mkononi, mtu wa Moba aliyetaka kupeleka habari Kalemie au Lubumbashi alikwenda penye foni, kwa wamisionari au kwa mfanyabiashara, akapanga mstari, akasema mambo ya nyumba yake huku watu kumi wakimsikiliza. Au alimpa barua msafiri wa boti. Celtel ilipoanza katika inchi yetu mwaka wa 2000 na Vodacom mwaka wa 2002, minara ilianzia katika miji mikubwa, kisha ikashuka polepole kuelekea teritwari. Siber za Lubumbashi, Goma na Bukavu zilifundisha kizazi kimoja kuandika kwenye intaneti, ukilipa kwa saa, huku jicho moja likitazama dakika zinavyokwisha. Mwaka wa 2010 RFI ilifungua Mondoblog kwa waandishi vijana wa Kifaransa, na mwaka wa 2016 ukaja mtandao wa wanablogu wa Habari RDC. Wengi walianza huko, na baadhi leo wanaishi kwa kalamu.

Lakini kwa mtu wa Moba, mapinduzi yenyewe yalikuja na simu ya kioo, pamoja na Facebook na WhatsApp. Kwa mara ya kwanza chombo cha kusomea na chombo cha kuandikia vilikuwa kitu kimoja, na kilikuwa mfukoni. Yule anayesoma saa hii anaweza kuwa mwandishi saa inayofuata. Hilo halikuwezekana kwa gazeti, wala kwa redio, wala kwa siber.

Na watu wameandika! Tangazo la kilio lenye ukoo wote wa marehemu mpaka babu wa nne. Habari ya boti iliyozama, yenye majina ya waliopona. Malalamiko juu ya barabara na juu ya askari wanaodai pesa kwenye kizuizi. Methali za Kitabwa zilizoelezwa kwa Kiswahili. Hadithi za mapenzi zinazokatwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, sehemu ya kumi na tisa, msomaji akikasirika kama mwandishi amechelewa. Mwaka wa 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za Kalemie na Uvira, aliyekuwa mbali alitazama simu kabla ya kusubiri habari za redio.

Lugha nayo imepata nafasi. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini mambo ya serikali, sheria na shule za juu yanabaki kwa Kifaransa. Kwenye simu watu wameamua wenyewe. Wanaandika Kiswahili chetu, wakati mwingine na Kifaransa katikati, wakati mwingine na Kitabwa. Simu yenyewe haikubali sana: ile iliyopangwa kwa Kifaransa, ukiandika «sana» inataka kukuwekea «sans», na ile iliyopangwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam inakupigia mstari mwekundu chini ya maneno ya kwetu. Ni jambo dogo la kuchekesha, lakini nyuma yake kuna jambo zito. Kuna tuzo kubwa ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Tazama orodha ya washindi wake: wamejaa Watanzania na Wakenya. Tangu 2022 tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Kiswahili cha Katanga, cha Kivu na cha Tanganyika bado kinahesabiwa kama lugha ya kusema tu. Wanaokiandika kila siku kwenye simu zao wanafanya kazi ambayo hakuna wizara imewaagiza.

Mwandishi asiye na jina

Kuna kitu ambacho simu imempa mwandishi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono mwingine: jina lake.

Jarida la 1910 lilibeba jina la Kaoze. Karatasi ya stensili ilibeba jina la Yav. Andiko la WhatsApp linabeba jina la mwandishi kwa saa moja tu. Likinakiliwa na kubandikwa katika kundi la pili, jina limekatika. Katika kundi la tatu mtu ameongeza mwisho wake mwenyewe. Katika la nne limepewa jina la mwandishi maarufu wa Nairobi ambaye hakuliona kamwe. Juu yake WhatsApp inaandika tu kwamba limetumwa mara nyingi, kama vile kutumwa mara nyingi ni ukoo. Tangu mwisho wa 2022 kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024. Hesabu mwenyewe linavyotembea.

Wako watakaosema: ni kama hadithi za bibi, nani aliuliza jina la mtungaji? Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Lakini bibi alisimulia kwa watu waliomjua, na hakuna aliyeuza hadithi yake. Hapa kuna watu wanaochukua kazi ya mwingine, wanaiweka kwenye ukurasa wao, wanakusanya wafuasi, na kwa wafuasi hao wanapata matangazo ya duka na ya mwanasiasa. Aliyeandika amelipa mega za kutuma. Hakulipwa hata franka moja, na jina lake halipo.

Kukosa jina kuna hatari nyingine kwa sisi wa Moba, na historia yetu inaijua. Agosti 2007 uvumi ulienea hapa kwamba wakimbizi Wanyamulenge wanaletwa kukaa Moba. Watu waliingia barabarani kwa hasira, ofisi za MONUC na za mashirika ya msaada zikavamiwa, watu wakaumizwa, wafanyakazi wa misaada wakaondolewa kwa haraka. Uvumi ule ulipita katika mji ambao simu za kioo hazikuwepo bado. Miaka iliyofuata jimbo likapita katika vita vya Waluba na Watwa, na kila kijiji kilikuwa na toleo lake la nani alianza. Mwandishi mwenye jina anaweza kuulizwa: ulimwona nani, ulikuwa wapi, nani alikuambia? Andiko lisilo na jina haliulizwi kitu. Ndiyo maana kazi ya anayetia sahihi yake chini ya habari kutoka kijijini ina thamani kuliko anavyofikiri yeye mwenyewe.

Mega, umeme na sheria

Tusiseme basi kwamba mlango hauna mlinzi tena. Walinzi wamebadilika tu.

Mlinzi wa kwanza ni bei. Septemba 2020 serikali ilianza kukata pesa ya RAM, yaani daftari la vyombo vya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Pesa zilichukuliwa moja kwa moja katika krediti ya mtu, analala na uniti, anaamka hana. Watu walipiga kelele toka Kinshasa mpaka vijijini, na mwaka wa 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Hakuna aliyeiita kodi ya waandishi, lakini ukiitazama vizuri ndivyo ilivyokuwa, kwa maana simu iliyolipishwa zaidi ndiyo ile inayowezesha kuandika na kutuma.

Mei 2025 mamlaka ya simu, ARPTC, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi, mwaka mmoja tu kisha kuipiga marufuku. Kwa sehemu kama Moba, ambako boti ndiyo barabara yetu, intaneti inayoshuka toka angani ni habari njema. Lakini sahani na malipo ya kila mwezi ni vya hoteli, misheni au mfanyabiashara, si vya mwalimu anayesubiri mshahara. Tusishangae kama kesho waandishi watakusanyika tena kwenye ua wa mwenye mashine, kama zamani penye foni. Na umeme ni jambo lile lile: panneau moja ya jua, simu kumi kwenye foleni, kila moja na bei yake ya kuchaji.

Mlinzi wa pili ni swichi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa karibu siku ishirini. Waliokuwa na gazeti la karatasi walichapisha. Waliokuwa na simu peke yake walinyamaza.

Mlinzi wa tatu ni sheria, na hapa wengi wanatembea gizani. Tarehe 13 Machi 2023 zilitiwa sahihi sheria mbili: moja juu ya uhuru wa vyombo vya habari, ambayo inagusa pia vile vya mtandaoni, na nyingine ni kanuni ya mambo ya dijitali. Katika hii ya pili, kipengele cha 360 kinasema anayeanzisha au anayepitisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja mpaka sita na kutozwa franka 500,000 mpaka 1,000,000. Soma tena neno lile: anayepitisha. Aliyesukuma tu andiko la mwingine kwenda kundi la familia yumo. Mwandishi habari Stanis Bujakera, anayejulikana inchi nzima, alikamatwa Septemba 2023 kwa sababu ya makala ambayo haikuwa hata na jina lake, akakaa gerezani miezi sita, akatoka Machi 2024. Ikiwa huyo, mwenye magazeti makubwa ya nje na mawakili nyuma yake, alilala Makala nusu mwaka, kijana wa teritwari anayemwandika mkubwa wa eneo lake anajua kipimo cha hatari. Sheria ya kulinda watu na uongo inahitajika, yale ya 2007 yanatosha kutufundisha. Lakini sheria ambayo haitofautishi vizuri kati ya anayechochea na anayekosea inawaacha wachochezi wasio na jina na kuwakamata wale waliotia sahihi.

Ghala halipo

Tufike pale tulipoanzia. Tuseme kijana wetu ana mega, ana umeme, amechunga sheria, ameandika vizuri, na jina lake limebaki. Andiko lake liko wapi?

Liko katika simu yake, na simu inaibiwa, inaanguka ziwani, inakufa betri. Liko katika ukurasa wa Facebook, ambao mtu anaweza kuuvamia, au kampuni ikaufunga bila kueleza. Tusidhani kwamba kampuni kubwa hazifi. Vijana wa inchi za Kifaransa, na Wakongomani wakiwemo, walikuwa na Skyblog. Ilianza mwaka wa 2002, ikawa na mamilioni ya waandishi, na tarehe 21 Agosti 2023 ikafungwa. Ufaransa iliokoa kiasi: maktaba yao ya taifa pamoja na INA walihifadhi blogu zaidi ya milioni 12 kabla ya mlango kufungwa. Walifanya hivyo kwa sababu wana sheria, pesa na watu wa kazi hiyo. Kundi la WhatsApp la wakaaji wa Moba halina hata kimoja. Ujumbe ukifutika kwenye simu za watu, umekwisha.

Sisi nasi tuna sheria, tangu Januari 1974, inayodai kila anayechapisha apeleke nakala mahali pa kuhifadhi. Iliandikwa wakati wa karatasi. Hata kwa karatasi, ni wachapishaji wangapi wa majimbo ya mashariki walipata kuituma nakala yao Kinshasa? Kwa maandishi ya simu, hakuna ofisi yenye mwito wa kuyapokea, na bunge la jimbo halihitaji kungoja Kinshasa ili kuipa maktaba moja ya Kalemie chumba, kompyuta na mtu mmoja anayelipwa. Tanganyika imekuwa jimbo tangu 2015. Ina chuo kikuu Kalemie. Ina dayosisi ya Kalemie-Kirungu, ambayo imetunza karatasi tangu siku za Mapadri Weupe.

Wakati huo haujafika, kwa hiyo tunasema na waandishi wenyewe. Andiko ambalo unaona lina maana, historia ya kijiji chako, maneno ya mzee ambaye karibu atatuacha, habari ya mafuriko kama ulivyoyaona, usiliache kwenye kundi peke yake. Andika jina lako, mahali na tarehe ndani ya andiko, mwanzoni na mwishoni, ili anayelikata apate taabu. Jitumie kwa barua pepe. Liweke kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani, mbali na simu. Na kisha lipeleke kwa sekretaria, yule anayepiga kompyuta na fotokopi karibu na soko, alitoe kwenye karatasi. Karatasi ina makosa yake, mchwa na mvua vinaipenda, lakini haidai nenosiri. Nakala tatu zinatosha kuanzia: moja parokiani, moja shuleni, na moja kwa mtu unayemwamini katika mji mwingine, Lubumbashi au hata ng'ambo. Kazi ya Yav ilipona katika nakala ya namna hiyo hiyo.